Jino Lililomuua Muuza Unga wa Meno wa Keza

Waheshimiwa viongozi wa dini, majirani wa Keza, na ninyi mliotoka Kasulo, Ntobeye na Biharamulo, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Kabla hatujaanza, naomba kila mwenye ratiba aifungue ukurasa wa tatu. Mstari wa nne kutoka chini unasema marehemu alifariki kwa shinikizo la damu. Ratiba hizo zilichapwa jana asubuhi. Mjane aliingia kwenye kikao cha kamati jana mchana. Mwenye kalamu aukate mstari huo. Asiye na kalamu aukwangue kwa kucha.

Kilichomuua Mzee Erasmus Kazimili ni jino.

Najua. Na sisi tulisema hivyo hivyo: jino? Yeye? Ni sawa na kuambiwa samaki amekufa maji. Wengi wenu mna kopo lake la unga wa meno dirishani mpaka sasa hivi, na wengine mmeutumia asubuhi hii kabla ya kuja kumzika. Tunauona kwenye fizi zenu. Basi tulieni. Tutaanza mwanzo na kwenye jino tutafika kwa utaratibu, maana marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa utaratibu: kwanza juu, halafu chini, mwisho ulimi.

Mzee Erasmus alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa hapa Keza, wilayani Ngara, mtoto wa kwanza wa Mzee Kazimili na Mama Nimpaye, ambao wote wametangulia. Wakamfuata Speciosa, Pancras na wengine wawili tuliokwisha kuwazika upande ule wa migomba. Mama Nimpaye alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: hakuna mtoto anayepewa uji kabla ya kunuswa mdomo. Watoto walipanga mstari mlangoni, kila mmoja na kijiti chake kilichotafunwa ncha na kipande cha mkaa kutoka jikoni. Aliyenuka vibaya alirudi nyuma ya mstari. Shangazi Speciosa anasema wapo watoto wa jirani waliokuja kula pale, wakanuswa na wao, wakaenda kushtaki kwao.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Matokeo yake ya darasa la saba hatuna haja ya kuyasoma; yeye mwenyewe hakuyasoma. Ila kila Jumatatu palikuwa na ukaguzi wa usafi: kucha, nywele, meno. Siku moja mwalimu wa zamu, kiboko mkononi, alifika kwa Erasmus, akamwambia apanue mdomo, akachungulia, akawaita walimu wenzake. Mtoto akapandishwa juu ya kiti mbele ya shule nzima, akaambiwa acheke. Akacheka. Wakampigia makofi. Kwenye kile kiti hakuwahi kushuka. Alirudi nyumbani amecheka njia nzima, mvua ikamkuta njiani, akaendelea kucheka ndani ya mvua mpaka meno yakashikwa na baridi.

Kuanzia mwaka 1973 alilima kahawa, ndizi na maharage kama sisi wote, na kama sisi wote hakutajirika. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Kasulo, alipata kibarua cha kugawa sabuni kambini. Lori la sabuni lilipochelewa, akina mama wa kambini hawakukaa kulisubiri. Walichoma maganda ya ndizi, wakachuja majivu, wakachemsha maji yake na mawese, wakapata sabuni nyeusi yenye povu kuliko ile ya lori. Marehemu aliwatazama mdomo wazi, jambo alilolipenda siku zote. Kibarua kilipokwisha, akarudi Keza na ufundi ule.

Hapo ndipo ilipozaliwa biashara mnayoijua. Sabuni ya majivu. Mafuta ya nyonyo ya kupaka mwilini. Nta ya nyuki ya midomo iliyopasuka. Shabu ya kwapa. Na mfalme wao wote, unga wa meno: mkaa uliotwangwa na kuchekechwa kwa kanga kuukuu ya mkewe, chumvi, karafuu na majani makavu ya mpera. Karafuu na shabu alinunua kwa Bwana Anuar wa Biharamulo, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani na ambaye leo amekaa pale, mstari wa pili, kofia nyeupe. Bwana Anuar huyo huyo ndiye anayeuza dawa ya meno ya dukani kwa kipaza sauti siku za soko. Yaani alimuuzia marehemu risasi, kisha akasimama upande wa pili wa uwanja ili apigwe nazo. Walipendana sana.

Haki isemwe: si kila kitu kilifaulu. Sabuni ya kwanza ilitoa uchafu, ikatoa na maua ya kitenge. Dawa ya kwapa ya mwanzoni ilikuwa na asali ndani, na walioijaribu walifuatwa na sisimizi hadi kanisani. Na mwaka 2008, kwenye harusi ya binti yake Zita, marehemu aliigawia kwaya nzima unga wa meno dakika chache kabla ya misa, bila kuwakumbusha kusukutua. Walipofungua vinywa kuimba wimbo wa kuingilia, bibi harusi alipiga kelele. Picha zipo. Safu tatu za waimbaji waliokula wino, na mbele yao baba mzazi, peke yake, anang'aa.

Lakini meno ya watu yalisafika, na hilo hakuna wa kulibisha. Bibi ambao hawakuwahi kushika mswaki wa dukani walisugua kwa unga wake. Watoto waliupenda kwa sababu ya karafuu. Tatizo halikuwa unga. Tatizo lilikuwa kile kiti cha shuleni.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 8 Agosti 1981 marehemu alifunga ndoa takatifu na Adelfina, binti wa Ntobeye. Wakati wa uchumba, shangazi yake Adelfina alitumwa kuja Keza kuchunguza mji wa mchumba. Akakagua zizi, akakagua ghala, akakagua paa. Aliporudi Ntobeye alitoa taarifa fupi: "Ng'ombe hana. Ila meno anayo." Ukoo ukajadili kwa kirefu kama meno yanaweza kuzaa ndama, na mwishowe msichana mwenyewe akasema anamtaka huyo huyo. Walijaliwa watoto watatu: Zita, Kanyange na Scolastica. Mkaa wote mliosugulia meno yenu ulitwangwa na mikono ya Mama Zita. Marehemu alikuwa upande wa kucheka.

Jana, mbele ya kamati, Mama Zita alituambia jambo lililotutoa macho. Tangu harusi ile ya kwaya, yeye alikuwa anasugua meno kwa dawa ya dukani, aliyoinunua kwa Bwana Anuar na kuifunga kwenye pindo la kanga. Alijificha bafuni. Tukamuuliza, mzee hakujua?

"Alijua," alisema. "Alinisogelea siku moja akaniambia, 'Mama Zita, unanukia mnanaa. Umekula pipi?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Kula tu. Ila barazani usile, wateja wataona.'"

Sasa tufike kwenye jino.

Wengi mlimwona marehemu akitangaza bidhaa zake, kwa hiyo mnajua kwamba hakuwa na kipaza sauti. Alikuwa na chupa ya soda. Aliinyanyua juu, akangoja watu wajae, akaiweka kwenye magego na kuifungua kwa meno. Kifuniko kilipotoka alikitema kwenye kiganja, akawaonyesha watu, akasema: "Cheti changu hiki." Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Jumamosi tarehe 17 Mei mwaka huu wa 2025, kwenye soko la Biharamulo, akiwa na miaka sitini na minane, aliinyanyua chupa kama kawaida. Bwana Anuar alikuwa ng'ambo ya njia na kipaza sauti chake. Akamtania:

"Mzee Erasmus! Kwa umri huo tumia kifungulio, baba! Ninacho hapa, nakupa bure!"

"Kifungulio changu kimeotea mdomoni, Bwana Anuar! Wewe chako umekisahau wapi?"

Watu wakacheka. Akauma. Kifuniko kikatoka, soda ikamwagika, umati ukashangilia. Bwana Anuar anasema yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kifuniko hakikuonyeshwa kwa mtu. Marehemu aligeuka nyuma, kiganja mdomoni, akakaa hivyo kwa muda, kisha akawageukia wateja akitabasamu midomo imefungwa, kama bibi harusi. Gego lilikuwa limepasuka kati, mpaka chini.

Mtu mwingine yeyote angepiga mayowe. Yeye aliuza makopo yote yaliyobaki, akapanda pikipiki, akarudi Keza, akasema ameshiba.

Kuanzia hapo tulikuwa na mgonjwa nyumbani na hatukujua. Nieleze jinsi tulivyokosa kujua, maana mgeni hawezi kuamini. Huku kwetu wanaume wakikaa kwenye pombe ya ndizi, kila mmoja ana mrija wake, na chungu kiko katikati. Marehemu alijitenga kwenye kigoda chake, kibuyu mapajani, mrija mdomoni. Tukajua anakunywa pombe. Alikuwa anakunywa uji. Hakuweza kutafuna hata ndizi mbivu, akawa anaishi kwa uji kwa mrija wa pombe, mbele yetu sote, mchana kweupe. Sisi tukamwonea aibu. Mzee Pancras, mdogo wake, alimfuata kabisa kumsema:

"Kaka, siku hizi unakunywa peke yako, tena unaanza asubuhi. Watu wanaongea."

"Waache waongee," alijibu marehemu, midomo nusu. "Wakiongea nayaona meno yao."

Hii, ndugu zangu, ndiyo familia tuliyo. Mtu anakufa njaa mbele yetu, tunamshauri apunguze pombe.

Shavu lilipovimba akajifunga kitambaa, akasema ameumwa na nyuki. Ikaaminika, kwani si ana mzinga? Majirani wakapita wakisema pole na nyuki, pole na nyuki. Mama Zita ndiye aliyekwenda nyuma ya nyumba akautikisa mzinga. Ulikuwa mtupu tangu mwaka jana.

"Baba Zita," alimwambia, "mzinga umehama. Umeumwa na nyuki gani?"

"Ni mmoja. Alirudi kuchukua vitu vyake."

"Fungua mdomo nione."

"Niuone kwanza wako, na mnanaa wake."

Akamtania hivyo, kisha machozi yakamtoka kwa maumivu, akakubali kwamba ni jino. Mama Zita akamwambia waende kwa daktari wa meno. Maneno aliyojibu ametuomba tuyasome yalivyo, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa kwenye kaburi hili.

"Mama Zita, wewe unajua kiti cha daktari wa meno kilivyo? Kinainuka kama cha kinyozi, na mlango hauna pazia. Nilale pale, mimi, nipanue mdomo nichokolewe kama mtoto, na kwenye benchi nje wamekaa wateja wangu na makopo yangu? Heri uniambie nivuke soko uchi. Nikivuka uchi watasema nimelewa. Nikiketi kwenye kile kiti watasema nimewadanganya maisha yangu yote."

Mama Zita akamwambia waende hospitali ya mbali, asikojulikana. Akajibu kwamba kwa meno yale hakuna asikojulikana. Na kwa masikitiko makubwa, alisema kweli.

Basi akajitibu. Karafuu, chumvi, utomvu wa papai, unga wake mwenyewe akiujaza kwenye ufa wa jino kama mtu anayeziba paa. Na wakati mmoja maumivu yalikoma kabisa! Alifurahi mno. Alimshika Mama Zita mkono akamzungusha jikoni, akasema, "Si unaona? Si unaona?" Akaanza kupanga kutangaza dawa mpya ya jino lililopasuka. Tena kabla hata hajaitangaza, alimpa dada yake Speciosa, ambaye naye alikuwa analalamika jino, akampakia kwa mkono wake. Daktari alikuja kutueleza jana, siri ilipokwisha kutoka, kwamba jino likinyamaza hivyo ghafla huwa si kupona, ni kufa. Usaha ulikuwa umeacha kugonga mlango, umeingia ndani kwa kupitia ukuta. Mkaa haumfikii mgeni huyo. Bwana Anuar akauliza kama dawa yake ya dukani ingemfikia. Daktari akasema wala hiyo. Alihitaji kung'olewa, na dawa za hospitali, mapema, basi. Tena mapema yenyewe ilikuwepo tele.

Jumatatu tarehe 2 Juni, Bwana Anuar alifika hapa na gari lake kuleta gunia la karafuu. Alimkuta marehemu ameketi wima, hawezi kulala, mate yanamtiririka kwenye bakuli, shingo imevimba hadi imeungana na kidevu.

"Ya Rabi! Mzee Erasmus, ni nini hiki?"

Marehemu akanyoosha kidole kuelekea mzingani.

"Nyuki gani anauma ndani ya koo?" Bwana Anuar akapaza sauti, safari hii bila kipaza. "Mbebeni! Shusheni gunia, mbebeni!"

Walipopita Kasulo ilikuwa siku ya gulio, na gari likabidi lipunguze mwendo katikati ya watu. Wauza ndizi wakamtambua kupitia dirishani. "Mzee Meno! Mzee Meno! Tuchekee kidogo!" Marehemu akachukua kofia yake akajifunika uso. Mama Zita anasema aliiacha hapo mpaka hospitali.

Hospitalini daktari alimwomba apanue mdomo. Ndugu zangu, mdomo ule uliopanuka mbele ya shule nzima, mbele ya kila soko kutoka hapa hadi Biharamulo, mbele ya mtoto, mlevi na katekista, haukupitisha hata mpini wa kijiko. Wakampasua shingoni kutoa usaha, wakamwekea hewa, wakampa dawa za mshipa. Walifanya yote. Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, Mzee Erasmus Kazimili akafariki dunia, Mama Zita akiwa amemshika mkono. Kabla ya hapo alimvuta karibu, akamwambia kwa meno yaliyokazana, maneno matatu:

"Ni jino. Usiwaambie."

Mnaona basi mzigo aliorudi nao mama huyu kwenye gari la Bwana Anuar, zaidi ya ule uliolazwa nyuma.

Na alikusudia kuubeba. Kwa siku nzima alikaa kwenye mkeka akipokea pole, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Aliugua ghafla." Kamati chini ya Mzee Pancras ilikuwa imemaliza kazi. "Andikeni presha," Mzee Pancras alisema. "Presha ni ugonjwa wa heshima." Na ni kweli kwamba ukoo huu tunakufa kwa presha. Hata babu yetu mdogo aliyeangukiwa na mparachichi aliandikwa presha.

Jana mchana Mama Zita aliinuka kwenye mkeka. Mjane hainuki, mnajua; akina mama wakamshika kanga, kanga ikabaki mikononi mwao. Akaingia kwenye kikao cha wanaume kichwa wazi.

"Shemeji, rudi ndani," Mzee Pancras akamwambia. "Watu wanakutazama."

"Wanitazame. Kaka yako ametazamwa maisha yake yote, ndicho kilichomuua. Aliugua jino."

Kikao kizima kikashika mashavu. Mtu mmoja akacheka, ile ya mshtuko, akatolewa nje.

"Yeye mwenyewe alisemaje?" akauliza Mzee Pancras.

"Alisema nisiwaambie."

"Basi! Neno la mwisho la mume halivunjwi. Mke mwema anazikwa na siri ya mumewe."

"Nitazikwa nayo, ila si mwaka huu, wala si na wifi yangu. Njoo."

Akamshika mkono mwenyekiti wa kamati kama mtoto, akampeleka jikoni. Pale, nyuma ya masufuria ya msiba, alikuwa ameketi Shangazi Speciosa, kitenge kimefungwa kuanzia kidevuni hadi utosini, anabana unga kwenye fizi kwa kidole. Alipofungua kitenge kwa amri ya wifi yake, shavu lilikuwa kama embe dodo, limewiva na linang'aa.

"Dada, umevimba tangu lini?"

"Niacheni. Dawa ni ya kaka, alinipakia mwenyewe. Namalizia hii iliyobaki kwa heshima yake."

"Nimekuuliza umevimba tangu lini!"

Shangazi Speciosa akajifunga kitenge upya.

"Si kitu," akasema. "Ni nyuki."

Mzee Pancras aliketi juu ya kuni. Aliketi pale muda mrefu hata wapishi wakashindwa kuchochea moto, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Aliporudi kikaoni alisema maneno mawili tu, "Futeni presha," na ndipo tukagundua kwamba ratiba zimekwisha chapwa.

Tangu jana tumembembeleza Shangazi aende hospitali. Anasema hawezi kuacha kaka yake hajazikwa. Tunamwelewa. Asubuhi hii amesema ataenda matanga yakiisha. Hapo hatumwelewi. Tukampelekea padre, akamjibu padre kwamba yeye haogopi sindano, anaogopa watu watasema unga wa kaka yake ulikuwa uongo. Kwa hiyo familia inatamka hapa, mbele ya jeneza, ili asiwe na la kuogopa: unga wa Erasmus ulikuwa unga mzuri wa kusugulia meno. Haukuwa daktari. Yeye ndiye aliyeupandisha cheo, kwa sababu na yeye walimpandisha kwenye kiti akiwa mtoto, wakasahau kumshusha. Unga utaendelea kutengenezwa na Mama Zita na Scolastica. Chupa za soda zitafunguliwa kwa kifungulio, ambacho Bwana Anuar ametoa bure kama alivyoahidi.

Mwisho wa kikao, Bwana Anuar aliyekuwa nje na wafiwa wengine aliulizwa kama ana neno, maana wapo waliokuwa wananong'ona kwamba sasa soko lote ni lake. Alisema: "Nimemtania mtu huyu miaka yote, na siku ile alipogeuka nyuma na kiganja mdomoni, nilimwona. Nikaona nikimuuliza mbele za watu nitamwaibisha. Sasa nimemstahi, mwenzangu yuko wapi?"

Marehemu ameacha mjane, Mama Adelfina. Watoto watatu, Zita wa Biharamulo, Kanyange wa Kasulo na Scolastica wa hapa nyumbani. Wajukuu saba, ambao wote wamepanga mstari kuchunguzwa vinywa na bibi yao asubuhi hii. Mdogo wake Mzee Pancras. Na dada yake Speciosa, ambaye tunakusudia kubaki naye.

Tangazo ni moja. Gari la Bwana Anuar limeegeshwa pale barabarani, limeelekezwa Biharamulo, dereva yuko ndani. Litaondoka mara mashada yakishawekwa, halitangoja chakula. Kiti cha mbele kina mwenyewe. Nyuma kuna nafasi kwa yeyote hapa ambaye shavu lake moja ni kubwa kuliko jingine, na kutoka nilipo nawahesabu wanne mnaotazama viatu.

Bwana alimpa meno, Bwana amemtwaa pamoja nayo. Ampumzishe kaka yako kwa amani, Shangazi Speciosa. Panda gari.